Mama Punje Aliyewaachisha Samaki Bapa Vidudu

Ijumaa tarehe 28 Juni, Mama Punje anakabidhi ufunguo wa chumba cha vifaranga baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Aliingia kama mfagizi wa korido, anatoka akiwa msimamizi wa matangi yote ishirini na manne. Amekosa kazi siku kumi na moja tu. Nne kati ya hizo zilikuwa za kuzaliwa wajukuu wake pacha, na hadi leo anabisha kwamba hizo hazihesabiki.

Kwa wenzetu wa idara nyingine: kifaranga wa samaki bapa huanza maisha kwa kula vidudu hai, ambavyo tunavifuga wenyewe kwa jasho. Akifika wiki ya sita huachishwa, azoee punje kavu za chakula kutoka kiwandani. Hapo ndipo wengi hugoma, wakakonda na kufa.

Katika mwaka wa tisa wa utumishi wake walikufa kupita kiasi. Kati ya vifaranga elfu kumi wa Machi walibaki elfu mbili na mia tatu. Meneja akatangaza kwamba wa Aprili wakienda hivyo hivyo, chumba kitafungwa na sote saba turudi nyumbani. Tulibadilisha punje mara tatu. Tukalaumu maji, tukalaumu kiwanda, mwisho tukalaumiana.

Tarehe 17 Aprili Mama Punje alivuta kigoda, akaketi kando ya tangi la tano na kukataa kuondoka. Mtaalamu wetu alimtania kwamba samaki si runinga. Zilipopita dakika arobaini, akasema taratibu: "Jamani, hawa wanangu wanakula. Sisi ndio tunaowapokonya sahani."

Ilikuwa kweli. Samaki bapa hana haraka; hulala chini, akaitafakari punje, kisha akajongea. Nasi, kwa usafi wetu wa kujivunia, tulipitisha mpira wa kunyonya uchafu robo saa tu baada ya kulisha. Enzi za vidudu haikudhuru, maana vidudu huogelea. Punje huzama, na sisi tulikuwa tukiumwaga mlo mzima tukiuita taka.

Akaagiza tusubiri saa mbili ndipo tusafishe. Vidudu vipunguzwe kwa siku kumi na nne, tena samaki wapewe baada ya kula punje, kwa sababu, alisema, hakuna mama anayempa mtoto peremende kabla ya chakula. Mtaalamu aliomba radhi, na adhabu yake ikawa kukisafisha kigoda kwa mwezi mzima.

Vifaranga wa Aprili walibaki elfu nane na mia moja. Meneja alikuja, akainama kuangalia matumbo yaliyotuna, akaondoka. Barua ya kufunga chumba haikuandikwa.

Kati ya wale saba, watano bado tuko hapa, na watoto wetu wamesoma kwa kazi hii. Mama, asante kwa dakika arobaini zile. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na siku nyingi za furaha pamoja na wajukuu wako.