Mlango Nilioukata Saa Nne Asubuhi

Mheshimiwa Mkurugenzi wa studio yetu; Mama mzazi wa mstaafu, shikamoo; wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wa chumba cha kuhariri mliojibanza karibu na keki, nawaona!

Nimepewa dakika tano kumuaga Fundi Mkasi, aliyekata vionjo vya sinema, vile vipande vifupi vya kuitangaza kabla haijaonyeshwa, kwa miaka thelathini na minane. Yeye angemaliza kwa dakika moja, na mngetaka zaidi.

Alipoanza, kionjo kiliungwa kwa vipande vilivyobaki sakafuni. Ndiyo maana siku moja aliweka farasi mweupe ambaye hakuwamo kabisa kwenye sinema. Watazamaji wakagoma kutoka ukumbini: "Farasi wetu yuko wapi?" Fundi akasimama mbele, akasema, "Ndugu zangu, amechelewa." Wakacheka, wakaenda zao.

Zikaja enzi za lile vumo zito la sauti ya msimulizi: mtu mmoja, mji mmoja, kisasi kimoja! Na leo je? Kionjo nacho kina kionjo chake, ngoma zinadunda utadhani nyumba inabomolewa, na kabla hujaketi vizuri umeshajua nani kafa na nani kamuua. Mama huyu alitazama kimoja kwenye simu, akamwambia mwanawe, "Nzuri, nimeshaiona. Ukumbini nifuate nini?" Fundi hakula siku ile. Aliniambia, "Binti yangu, kuonjesha ni kijiko. Sisi tunawamwagia sufuria."

Sasa niseme lililonikaba. Baada yangu tutaona kionjo chake cha mwisho. Mheshimiwa, uliagiza mwishoni mwake mlango ufunguliwe, anayebisha hodi aonekane uso. Fundi alitii, kwa heshima na kwa uchungu, maana hakutaka kuondoka na ugomvi. Lakini kiti chake narithi mimi, na leo saa nne asubuhi nimeukata mlango ule kabla haujafunguka. Mtauona mkono tu, unagonga. Fundi mwenyewe ndiyo kwanza anasikia.

Nimekosa adabu? Nimekosa, na ninaogopa. Ila kikiisha, Mheshimiwa, asipopatikana hata mmoja wa kuuliza nani anagonga, nitaurudisha mlango, na kiti nitakiacha.

Naam? Nani huyo kule nyuma? Sema kwa sauti... Mheshimiwa, ni dereva wako. Anauliza, "Kwani ni nani huyo anayegonga?"

Na taa hatujazima bado! Fundi wangu, nenda salama. Nanyi nyote, asanteni kwa kunipa masikio yenu.