Vifuniko vya Bi. Araksi Topalian

Miaka thelathini na tisa, miezi tisa na siku ishirini na nne: huo ndio muda ambao kampuni ya Brandvold, hapa Burbank, imemvumilia Bi. Araksi Topalian, mtunza ghala letu la filamu. Au yeye ameivumilia kampuni. Hilo bado tunabishania. Aliajiriwa tarehe 3 Septemba 1985 na anastaafu leo, Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025. Mimi, Rey Macaraeg, nimekaa kwenye meza inayotazamana na yake kwa miaka ishirini na saba. Ofisi ya utumishi imenitaka niandike mambo mazuri. Nitajitahidi.

Mzee Einar Brandvold alianzisha kampuni mwaka 1954 ndani ya kiwanda cha mikate kilichofilisika. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kipindi cha watoto, Jikoni kwa Wendell, ambamo mbuzi huyo wa kikaragosi alipika na kuunguza kila kitu. Mkono uliokuwa ndani ya mbuzi ulikuwa wa mzee mwenyewe. Baadaye ikaja Gati Namba Tisa, tamthilia ya upelelezi iliyotulisha sote kwa miaka kumi na minne. Mzee alipofariki tukaanza kuuzwa kama gari kuukuu: kwa kampuni ya bima, kwa kundi la wawekezaji, kwa watengenezaji wa midoli, na mwaka jana kwa mabwana hawa kutoka Connecticut. Kila mnunuzi hubadilisha bango la getini na kutugawia kofia. Bi. Araksi anazo nne na hajavaa hata moja. "Kofia za nini?" husema. "Wataondoka kabla hazijaingia jasho."

Kufanya kazi naye kunahitaji moyo. Ukitaka kuazima filamu, unatia sahihi mara tatu. Mwongozaji mmoja mwenye tuzo zake kabatini alisimama dirishani dakika ishirini kwa sababu sahihi ya tatu haikufanana na ya kwanza. Chakula ni marufuku ghalani, isipokuwa boreki zake, aina ya sambusa za jibini, ambazo kwa maelezo yake si chakula, ni dawa.

Lakini nisizunguke. Kilichonitesha ni vifuniko. Katika ghala lolote la heshima, kifuniko cha kopo la filamu husema kilichomo ndani. Katika ghala letu, mara nyingine kifuniko kilisema hivi na kopo likasema vile, na nikiuliza, Bi. Araksi alinitazama juu ya miwani na kusema, "Basi usilifungue."

Mwaka 2003 tamasha moja la filamu za zamani huko Tulsa liliagiza Gati Namba Tisa, sehemu ya kumi na nne. Nikalituma kopo kama kifuniko kilivyosema. Watu mia nne wakakaa gizani wakisubiri maiti, akatokea mbuzi anakanda unga. Nikapewa barua ya onyo, ikaingia kwenye jalada langu. Bi. Araksi akasema ni mabaki tu ya enzi za zamani, akalichukua kopo mwenyewe, akaniletea boreki sita. Nilizila zote. Sikujua nilikuwa nahongwa.

Mwezi uliopita likaja tangazo. Makopo yote yatahamishiwa kwenye mgodi wa zamani wa chumvi huko Kansas, na wahamishaji wataanza tarehe 1 Julai. Watafungua kila kopo, na kilichomo kisipolingana na kifuniko, kitatupwa. Bi. Araksi alilisoma mara mbili. Kwa wiki nzima hakumgombeza mtu, nikadhani anaumwa.

Jumatatu, tarehe 16 Juni, aliniwekea kahawa mezani, akaketi.

"Rey, Wendell yumo humu ghalani. Vipindi vyake vyote. Makopo mia mbili na kumi na mawili."

"Wendell aliyeyushwa mwaka tisini na moja, Bi. Araksi. Kila mtu anajua."

"Kila mtu anajua nilichotaka ajue."

Mwaka 1991 meneja wa wawekezaji, Bw. Garrison Plume, alimwagiza aandike orodha ya kila kilichomo ghalani. Akaiandika vizuri mno, na hilo ndilo kosa analojilaumu mpaka leo. Bw. Plume alipitisha kalamu nyekundu juu ya kila kitu kisichoingiza faida, kuanzia kwa Wendell, na akaamuru filamu hizo ziyeyushwe ili fedha iliyomo, ile madini, iuzwe. Bi. Araksi alikuwa na siku tatu. Nakala za ziada za Gati Namba Tisa zilijaa tele, basi akabadilisha vifuniko. Nakala hizo zikaenda kuyeyushwa zikiitwa Wendell, na Wendell akabaki rafuni akiitwa Gati Namba Tisa. Hakuandika orodha nyingine tena.

Nilimuuliza yote hayo kwa ajili ya mbuzi? Akanijibu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Alifika hapa kutoka Beirut akiwa na miaka mitano, hajui neno la Kiingereza, mama yake yuko kiwandani kutwa. "Mbuzi yule ndiye aliyenifundisha kusema, Rey. Neno langu la kwanza lilikuwa unga."

Niliguswa, sikatai. Pia nilitaka kumrushia kikombe.

"Miaka ishirini na saba! Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie wewe? Wewe siri haikai mdomoni. Mkeo alijua zawadi yake ya Krismasi kabla hujainunua."

Akaenda juu kwa mkuu wetu, Bi. Kendra Swail, na barua ya kukiri aliyoiandika kwa mkono. Nilimfuata, kwa sababu mtu wa namna hii huwezi kumwacha peke yake.

"Unajua kanuni ya kumi na saba inasemaje kuhusu kughushi lebo?" Bi. Kendra akauliza.

"Najua. Mimi ndiye niliyeichapa. Mtu hufukuzwa, wala haagwi. Nifukuze, lakini nipe ruhusa nirudishe vifuniko kwanza."

Bi. Kendra alisoma barua hadi mwisho, akaangalia kalenda, akaguna. "Kesi ya nidhamu inachukua siku thelathini. Wewe umebakiza kumi na moja. Sasa nikufukuze vipi, mama? Haya, shukeni mkafanye kazi."

Siku tisa tulipanda na kushuka ngazi. Hakuwa na karatasi hata moja, alisimama katikati ya rafu na sweta lake la kijivu akinionyesha kwa kidole: "Lile. Siyo hilo, lile. Una macho kweli?" Hakukosea hata mara moja, na hilo liliniudhi zaidi. Hadi Jumatano tulikuwa na makopo mia mbili na kumi na moja. Lililokosekana lilikuwa la sehemu ya kwanza kabisa, ambamo Mzee Brandvold anatoa mkono ndani ya mbuzi na kuwapungia watoto.

"Liko wapi?" nikauliza.

Bi. Araksi akatazama chini ya meza yangu.

Wanaonifahamu wanajua mimi ni mfupi. Siku yangu ya kwanza kazini alinisukumia kopo kuukuu chini ya meza, akasema, "Weka miguu hapa, na usilisogeze." Sikulisogeza. "Mahali pengine pote wangehamisha," alinieleza bila haya. "Wewe hata kalenda ya mwaka juzi hujaibandua."

Jana ofisi ya utumishi ilinirudishia ile barua ya onyo ya Tulsa, imepigwa muhuri wa kufutwa. Niliuliza sababu, wakanionyesha ungamo lake. Sentensi ya kwanza haikumtaja Wendell wala Bw. Plume. Ilisema: "Kosa la Tulsa lilikuwa langu, na Rey Macaraeg hakuwa na hatia."

Bi. Araksi, kwa niaba ya wote waliotia sahihi mara tatu, tunakushukuru. Makopo mia mbili na kumi na mawili yanakwenda mgodini kwa majina yao halali. Tunakuombea afya, usingizi mnono huko Glendale, na wajukuu wagumu kama wewe, ili nawe uonje. Ukipita Burbank, ingia, na uje na boreki. Kiti chako ni kitupu, na miguu yangu inaning'inia.