Kipanga, Pacha Aliyeambiwa Amezidi Umri

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka dada mmoja aliyekuwa golikipa, kisha akawa fundi pikipiki. Alifariki juma lililopita kwa ugonjwa wa figo. Mtaani walimwita Kipanga, kwa jinsi alivyoidaka mipira ya juu.

Kipanga alikuwa pacha. Naomba mlishike hilo. Alikuwa pacha, na pacha mwenzake alicheza winga katika timu ileile.

Wote wawili waliitwa kwenye timu ya wasichana walio chini ya miaka kumi na saba. Kabla ya safari wakapelekwa kupigwa picha ya kifundo cha mkono. Mfupa wa hapo ukionekana umeshaungana, mchezaji anahesabiwa kuwa amezidi umri. Pacha mwenzake akapita. Kipanga akakatwa.

Mama yao alitoka dobini anakofanya kazi, na aproni yake mwilini, akaenda moja kwa moja kwa meneja wa timu. "Nimewazaa asubuhi moja," akamwambia. "Huyu unayemkataa alimtangulia mwenzake kidogo tu. Hiyo miaka mingine kaipata wapi?"

Meneja akajibu, "Mama, mashine haina mjomba."

Ikaishia hapo.

Pacha alisafiri. Tulimkuta nyumbani kwa mama yao, ameketi kwenye kochi, anazungumza kama anayesoma maneno ya mtu mwingine. "Nilitaka kubaki. Akaniambia, usinichekeshe, nenda. Akanipangia begi. Nikaenda. Tukafungwa."

Kwa Kipanga aliyebaki, shida ilikuwa mtaani. Wasichana wa rika lake walianza kumwamkia. "Shikamoo, bibi!" Naye anaitikia, uso mkavu: "Marahaba, wajukuu. Hamjambo?" Watu wanavunjika mbavu. Hakudaka tena. Baba yake mdogo akamchukua gereji, akamfundisha kazi, na kazi akaijua.

Miaka ikapita. Siku moja injini ikamponda kidole. Pacha wake akamsindikiza hospitali. Daktari wa mifupa alipokuwa anatazama picha ya mkono, Kipanga akamuuliza kuhusu kile kipimo cha zamani. Daktari akasema mifupa haikui kwa mwendo mmoja, hata kwa ndugu waliolala tumbo moja. Akasema kwa wasichana mfupa ule huweza kuungana mapema sana.

"Picha ile haiwezi kukwambia msichana ana kumi na sita au kumi na tisa," akasema. "Hawakupaswa kuitegemea."

Kipanga akasema, "Sawa." Kisha akauliza lini ataweza kushika spana.

"Nilidhani atalia," anasema pacha wake. "Au mimi nitalia. Hakuna aliyelia. Na sasa pia sijalia. Watu wananitazama tu."

Nilimuuliza umri wa marehemu, maana hapa redioni huwa tunautaja.

"Mwezi ujao tunatimiza thelathini na tatu," akasema.

Tunatimiza. Mama akatazama sakafu. Nikaandika daftarini: thelathini na mbili.

Kwa mama, kwa pacha, kwa baba mdogo na mafundi wote wa gereji ile, poleni sana. Sisi wa kituo hiki tunaomboleza pamoja nanyi. Na ninyi walimu wa michezo mnaotusikiliza, mkiletewa picha ya mkono wa mtoto, msiharakishe kumkata. Mama yake yuko nje hapo. Mwiteni ndani, mpeni kiti, mumsikilize.