Mama Posta na Mbegu Alizopewa na Mumewe

Ndugu, majirani na wote mliofika, tunayemsindikiza leo ni mke wa fundi saa, mliyezoea kumwita Mama Posta. Wasifu huu umeandikwa na wanawe, nao ulichelewa kufika kwa mpiga chapa kwa sababu baba yao alitaka kwanza akumbuke jambo moja. Mpaka unachapwa, alikuwa hajalikumbuka.

Mama Posta alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa pili wa fundi viatu na mkunga. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya nyumba yao, akafaulu kwenda sekondari ya bweni. Huko alipewa adhabu ya kumwagilia bustani kwa kuongea sana darasani. Adhabu ikamnogea, akaendelea kuongea.

Juni 1972 aliajiriwa posta, upande wa vifurushi, akakaa hapo mpaka alipostaafu mwaka 2006. Kazi ile ilimwingia mwilini. Kwake yeye, cha muhimu kwenye kitu chochote kilikuwa nani amekileta. Mbegu zake alizihifadhi kwenye makopo ya maziwa juu ya kabati la jikoni, hayajaandikwa chochote, na kila kopo alilijua kwa aliyempa: za dobi, za shemeji, za yule mama wa benki mwenye madaha. Mmea wenyewe unaitwaje, hiyo shauri yako. Jirani mmoja alimwomba mbegu za maua ya dirishani, akapewa za dobi. Yakaota maboga, yakatambaa mpaka juu ya paa.

"Sasa kosa langu nini?" Mama Posta alimshangaa. "Si nilikwambia ni za dobi?"

Alifunga ndoa na fundi saa tarehe 14 Desemba 1975. Mwaka ule saa ya ukutani pale posta ilikuwa haiishi kuharibika, na fundi haishi kupanda ngazi. "Saa ilikuwa nzima," Mama Posta alipenda kusimulia, "mgonjwa alikuwa fundi." Walijaliwa watoto watatu.

Agosti mwaka jana alianza kusumbuliwa na moyo. Aliporudi kutoka hospitali mara ya mwisho, aliomba ateremshiwe kopo moja la pembeni. Ndani mlikuwa na maganda bapa ya kahawia yaliyojikunja, na mbegu nyeusi zinazong'aa.

"Hizi alinipa baba yenu," akawaambia wanawe. "Mje mnipandie hizi juu ya kaburi."

Fundi saa alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Hakuelewa, lakini aliona haya kumhoji mgonjwa, akasema moyoni atamuuliza kesho. Alfajiri ya tarehe 9 mwezi huu, Mama Posta alifariki usingizini.

Tangu hapo fundi hana raha. "Mimi? Mbegu?" anauliza kila anayepita. "Mimi hata mchicha siujui mpaka uwe kwenye sahani!" Alilipeleka ganda kwa mtunza bustani wa hospitali. Yule akalipasua kwa ukucha, akanusa, akasema, "Ni la ukoo wa kunde, na ukoo huo ni mkubwa kuliko wenu." Muuza miche akaapa ni mjohoro. Shangazi akaapa ni mlusina, akamwita muuza miche mwongo mbele ya wateja wake. Kitinda mimba akaogopa: kama ni mti mkubwa, si utapasua kaburi? Fundi mwenyewe alilitazama kwa lenzi yake ya kazi mpaka machozi yakamtoka. Hakuona lolote linalomhusu.

"Au ni dawa zilimchanganya?" akauliza. Kisha, kwa sauti ya chini: "Au alipewa na mtu mwingine?"

"Baba, sema tu umekumbuka," kifungua mimba alimsihi. "Nani atajua?"

"Mama yenu. Siwezi kumwambia uongo leo, hawezi hata kunikatiza."

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja, na makopo ambayo hakuna anayejua yana nini. Ganda tunalolisema limechorwa ukurasa wa nyuma. Anayelitambua, tafadhali, asiondoke bila kumwona fundi saa. Asimtajie jina la mmea tu. Amweleze unaota wapi, kwenye ua gani, kando ya njia ipi, huenda mzee akakumbuka kwamba aliwahi kupita hapo na mkewe.

Asipotokea mtu, mbegu zitafukiwa leo hivyo hivyo, kama mwenyewe alivyoagiza. Fundi amesema atazimwagilia kila siku, na zikiota atamwomba mkewe radhi kwa kusahau. Alipoulizwa atafanya nini zisipoota, alienda kutafuta ndoo.

Mwenyezi Mungu ampumzishe mama yetu, na amwonee huruma baba.