Vitone Vitatu vya Wendell Stachowiak

Ndugu, jamaa na majirani mliokanyaga theluji ya Januari kuja kanisani, familia imemtuma Bernadine, dada mkubwa wa marehemu, awasomee maisha yake, na kwa kuwa alimjua tangu yumo kwenye nepi, hatapaka rangi juu ya kutu.

Wendell Stachowiak alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 hapa Cheektowaga, mtoto wa mwisho wa Kazimierz na Jadwiga, akasoma shule ya parokia, kisha shule ya ufundi huko Buffalo, alikohitimu Juni 1969 akiwa wa pili, ingawa maisha yake yote alidai alikuwa wa kwanza.

Mwaka huohuo aliajiriwa kiwandani kuchonga vyuma, wiki ya kwanza tu akaibiwa koleo, ndipo akashika desturi ya mafundi ya kutia alama kila kitu chake, vitone vitatu vya kugonga kwa ncha ya chuma, na alipofunga ndoa na Darlene Wozniak tarehe 22 Mei 1976, mkewe alivikuta hadi kwenye mwiko wa jikoni, dada mtu akamwambia bibi harusi ashukuru, yeye mwenyewe bado hajawekewa alama. Walijaliwa Paula na Gregory.

Alipostaafu mwaka 2013 alianza kuchonga gerejini vipande vya bastola vya nusu kazi, ambavyo mnunuzi huvimalizia kwake, bila namba yoyote ya utambulisho, akiviuza kwenye maonyesho ya silaha, na wakati huo hakuna aliyemkataza. Sheria ya jimbo ilipodai namba, yeye, fundi mwenzake Norbert Kuzniar na wenzao wawili walifungua kesi ya kuipinga tarehe 6 Juni 2022, na nguzo ya kesi ilikuwa kiapo cha Wendell, kwamba kitu alichochonga mtu kwa mikono yake hakihitaji alama.

Tarehe 18 Februari 2023 Kyle Brandt, miaka ishirini na miwili, mwana wa pekee wa jirani yetu Colleen, aliuawa kwa risasi kwenye kituo cha mafuta, bastola ikaokotwa haina namba, na mpelelezi akawapitia mafundi wote na picha zake, akiuliza kama vile vitone vitatu vya ndani ni mikwaruzo au ni nini. Wendell, ambaye mkono wake ulikuwa umegonga kwa mazoea bila kichwa kujua, alisema hajui.

Mpelelezi alipotoka, Darlene aliuweka mwiko mezani.

"Wendell, yule mtoto alikuwa anatukatia nyasi."

"Nikisema, kesi imekufa, mama. Watanitafuna."

"Na usiposema?"

Hakula siku nne. Tarehe 9 Machi alikwenda kwa mpelelezi na daftari la wanunuzi, muuaji akapatikana humo, kiapo kikaondolewa, kesi ikaja kuanguka, na kesho yake tu baada ya kulitoa daftari, Ijumaa ya Kwaresima, watu wakila samaki wa kukaanga ukumbini mwa parokia, Norbert alimpigia kelele, "Msaliti wee! Nani angejua?" naye akajibu, "Mwiko wa Darlene, Norb," akaacha samaki wake hapohapo. Norbert, wewe uliyekaa safu ya tatu, alikungoja hadi mwisho.

Kwa Colleen alibisha hodi mara saba, hakufunguliwa.

Aprili 2024 alikutwa na saratani ya kongosho, na siku zake za mwisho alimwomba Gregory avisage vitone kwenye vifaa vyote, ikafanyika, ila mwiko Darlene aliukatalia, akisema nyumba lazima ibaki na kitu kisichodanganya. Wendell aliaga dunia nyumbani tarehe 11 Januari 2025, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliosukuma theluji mlangoni kwetu, na wastaafu wenzake wa kiwandani, hata mlionuna. Colleen, tumekuona umesimama pale mlangoni na koti lako hujalivua, hatukuombi ukae, hatukuombi neno.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, ukiweza.