Khadijo Kerrow, Mama Aliyetaka Aulizwe

Assalamu alaikum, wasikilizaji wapendwa, kuanzia Ijara hadi Habaswein. Sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Khadijo Kerrow, muuza maziwa ya ngamia wa hapa mtaa wa Galbet, Garissa. Khadijo alifariki wiki iliyopita baada ya kuugua figo. Wengi mlimjua kwa maziwa yake yaliyonukia moshi vizuri. Mimi namkumbuka kwa jambo jingine. Alitaka kila mama aliyepoteza mimba hospitalini aulizwe yeye mwenyewe: tumzike mtoto wako?

Nitasema waziwazi, kwa sababu Khadijo hakupenda mafumbo.

Miaka michache iliyopita alikuwa na mimba ya miezi mitano. Presha ikapanda, kifafa cha mimba kikamwangusha sokoni, maziwa yote yakamwagika. Alifikishwa hospitalini akiwa hajitambui. Daktari akaona kwamba mimba ikiendelea, mama atakufa. Katiba ya nchi yetu inaruhusu mimba itolewe pale maisha ya mama yanapokuwa hatarini. Basi mimba ikatolewa. Khadijo akaishi.

Sasa sikilizeni vizuri. Kwa dini yetu, mtoto wa mimba iliyopita miezi minne huoshwa, husitiriwa kwa kitambaa cheupe na kuzikwa. Kwa kanuni za hospitali ile, kisichochukuliwa na familia huchomwa kwenye tanuri pamoja na taka nyingine za wodi. Khadijo alipopata fahamu aliuliza mtoto yuko wapi. Akaambiwa ameshachomwa.

Bomba la tanuri lile linaonekana kutoka pale alipokuwa akiuzia maziwa. Binti yake Ifrah anakumbuka: "Hooyo alihamisha meza yake, akaenda upande ule mwingine wa soko. Wateja wakampoteza. Nikamwambia, mama, biashara itakufa. Akasema, wacha ife."

Alipopata nguvu, alikwenda kwa mkuu wa hospitali. Alikwenda kugombana, na Khadijo akiamua kugombana, hata mwenye ngamia hapa Garissa angempisha. Lakini mkuu yule akamjibu kwa upole: "Mama, sisi hatukuchoma bila kuuliza. Familia iliulizwa mlangoni. Familia ilisema hospitali ifanye kazi yake."

Familia ni nani? Familia ilikuwa mume wake, Maow.

Mzee Maow amenikubalia niseme haya, na alitaka ayaseme kwa kinywa chake. "Yule aliniuliza ni kijana mwanaume," anasema. "Watu imejaa hapo mlangoni, hata shemeji yangu iko. Ananiuliza kwa sauti: mimba ya bibi yako imetolewa, unachukua ama tunachoma? Wallahi, niliangalia chini tu. Niliona haya. Nikasema, nyinyi mnajua kazi yenu. Nilitaka hiyo maneno iishe."

Wasikilizaji wapendwa, mimi pia ni mwanamume wa huku. Najua tunavyoviangalia viatu vyetu. Kwetu mtu hazungumzi habari za tumbo la mkewe mbele ya watu, sembuse mbele ya shemeji. Muuguzi mmoja, Dada Fartun, aliniambia kwamba karibu wanaume wote walijibu kama Maow. Ukimuuliza mwanamume swali hilo mlangoni, umeshajua jibu lake.

Khadijo hakuomba talaka. Aliendelea kumpikia Maow chai kila asubuhi, ila hakuitia sukari. Kwa msiotujua, chai bila sukari kwetu ni kesi nzito. Maow akainywa hivyo hivyo.

Kisha Khadijo akamwambia anachotaka. "Mimi sikugombana na moto," alisema. "Nilitaka kuulizwa. Wewe ulijibu badala yangu, sasa nenda useme hivyo mbele ya watu."

Na Maow akaenda. Kulikuwa na kikao cha hospitali na wazee wa mtaa, ukumbi umejaa kofia na bakora. Maow akasimama. Akasema: "Mke wangu alitolewa mimba ili asife." Akasema: "Mtoto wangu alichomwa kwa sababu mimi niliona haya." "Msituulize sisi," akamaliza. "Waulizeni mama zao." Mzee mmoja alikohoa, mwingine akatoka nje. Ifrah anasema baba yake alirudi nyumbani, akaketi mkekani. Mama yake akamwekea chai. Ilikuwa na sukari.

Hospitali ile ikabadilisha utaratibu. Kanuni ya tanuri ilibaki, lakini swali likahama mlangoni, likaenda kitandani. Mama huulizwa akiwa amezinduka, na huulizwa na muuguzi mwanamke. Akisema azikwe, kitambaa cheupe kipo. Kitambaa kilikuwa cha Khadijo. Alikikata mwenyewe, vipande vidogo, akavipeleka kwa Dada Fartun hadi yeye mwenyewe alipolazwa kwa figo.

Juzi nilikwenda msibani. Dada Fartun naye alikuja kutoa pole, akamnong'oneza Ifrah kwamba vitambaa vimeisha, na kuna binti wa Habaswein wodini amepoteza mimba. Maow akasikia. Akainuka kwenye mkeka, akawaacha waombolezaji, akafungua sanduku la mkewe na kutoa kitambaa. Nikamfuata.

Mlangoni mwa wodi tulimkuta kijana, mume wa yule binti, amesimama, anaangalia viatu vyake. Maow akamshika bega. "Abti, wewe usijibu," akamwambia, kama mjomba kwa mpwa wake. "Kwanza aulizwe yeye."

Binti akaulizwa. Akasema ndiyo. Akampa mtoto jina pale pale, na kwa heshima yake sitalitaja hewani.

Tulimzika mchana, Maow, yule kijana na mimi, kwenye safu ya makaburi madogo. Maow alichagua mahali mwenyewe, karibu kabisa na udongo mbichi wa Khadijo. "Yeye hakupata wake," alisema. "Wacha akae na huyu."

Kwa Mzee Maow, kwa Ifrah na jamaa wote wa Khadijo Kerrow: Mungu awape subira, amrehemu marehemu wetu. Nanyi wanaume wenzangu mnaonisikiliza, siku moja huenda mkaulizwa mlangoni. Msiangalie viatu. Semeni: mke wangu yuko ndani, muulizeni yeye.