Kitambaa Cheupe cha Fundi Ngowa

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, Fundi Ngowa Thoya anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika gereji ya ambulensi za hospitali yetu hapa Malindi.

Aliajiriwa mwaka 1994 kuosha magari, akapanda hadi fundi mkuu. Madereva wanamjua kwa ukaidi wake: asubuhi hakuna anayewasha gari kabla Ngowa hajachomoa kijiti cha kupimia oili na kukipangusa kwa kitambaa cheupe. Hata gari la mkurugenzi liliwahi kuzuiwa getini, mkurugenzi akiwa ndani na tai yake.

Kitambaa kile kina sababu, nayo nimeruhusiwa kuiandika. Mwaka 2008, kadi ya sevisi ya ambulensi moja ilionyesha zimebaki kilomita mia nane kabla ya kubadilisha oili. Ngowa aliiona oili imekuwa nzito, lakini akaiamini kadi. Kadi huhesabu mwendo tu. Haikuhesabu saa zote ambazo gari lilisimama likinguruma kuendesha mashine za wagonjwa. Mimi ndiye niliyepokea simu na kulituma kijijini Jilore kumchukua mgonjwa. Likirudi hospitalini, injini ilikwama njiani, Kabibi Dena akiwa ndani na uchungu wa kuzaa. Mtoto alizaliwa kando ya barabara, hakuishi.

Uchunguzi haukumlaumu mtu. Ngowa alijilaumu mwenyewe, akaenda nyumbani kwa kina Kabibi kuomba radhi.

Tangu hapo hakuna injini yetu iliyokwama kwa sababu ya oili. Alitufundisha kwamba weusi peke yake si hoja, maana kwenye injini za dizeli oili huwa nyeusi mapema. Yeye huisugua kati ya vidole na kuinusa. Ikikwaruza au ikinuka kuungua, inamwagwa, kadi iseme itakavyo.

Jumatatu alimwachia Mumbua, fundi anayempokea kazi, akague ambulensi moja peke yake. Kadi ilisema bado kilomita elfu moja. Mumbua alisugua oili, akalizuia gari. Dereva alilalamika, akamgeukia Ngowa amtetee. Ngowa alimkabidhi Mumbua kitambaa, akaenda kunawa mikono.

Asante, Fundi, kwa wote waliofika salama bila kujua jina lako. Kabibi ametupigia simu: Ijumaa atakuja kukuaga. Tunakuombea afya na siku za utulivu huko nyumbani. Asubuhi usiamke mapema kwa ajili yetu. Magari yatakaguliwa.

Idah Mwenda, mpokeaji wa simu za dharura